Nailoni Kavu

Mbao iliyomwangusha mama wa watu ilikuwa imeinua ncha kidogo tu, kama mwanafunzi anayenyoosha kidole huku akiomba asiitwe. Inspekta alichuchumaa mbele yake, magoti yakalia moja baada ya jingine, akaitazama bila kuigusa.

"Huyu ndiye mtuhumiwa wetu wa kwanza," alisema. "Na hata wakili hana."

Aliyesimama nyuma yake hakucheka. Alikuwa fundi wa sakafu, mrefu, mikono imejaa makovu ya msumeno, shati lile lile aliloingia nalo mahabusu. Mtaani walimwita Milimita, kwa vile alikuwa akipima ubao, anakata, halafu anapima tena kuhakikisha kwamba alichokata ndicho alichopima. Asubuhi hiyo inspekta alimtoa kwa saini yake mwenyewe, akamfungua pingu ndani ya gari, akamwambia, "Ukikimbia siwezi kukukimbiza, goti hili limekataa. Kwa hiyo nakuomba tu, kistaarabu, usikimbie."

Inspekta naye alikuwa na jina lake kituoni. Walimwita Kobe. Wengine walidhani ni kwa ajili ya mwendo, lakini waliokaa naye ofisi moja walijua ni kwa ajili ya shingo: kabla ya kusema neno la maana aliitoa taratibu kwenye kola, akatazama huku na huku, ndipo akasema.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi kuandika, nzito kubeba. Mwenye nyumba alijenga chumba cha nyongeza upande wa nyuma kwa ajili ya mama yake mzazi, ambaye miguu yake haikupatana na ubaridi wa saruji. Akamwekea sakafu ya mbao. Mbao zikavimba, zikainuka, na siku moja mama akitoka kitandani akajikwaa, akavunjika nyonga. Sasa yuko hospitali anasubiri kupasuliwa, na mwanawe amefungua jalada: fundi alitandika mbao juu ya zege lenye maji bila kulipima. Mkuu wa kituo alitaka fundi apandishwe mahakamani haraka, kwa uzembe uliojeruhi mtu. Na kwa umri wa yule mama, kama hataamka kwenye dawa ya usingizi, shitaka litabadilika jina. Kobe aliomba apewe muda kidogo. Mkuu akampa, akasema ni kidogo kweli kweli.

"Nilipima," alisema Milimita. "Nimesema juzi, nasema leo, na nikifungwa nitawaambia wafungwa wenzangu. Nilipima."

"Utanionyesha ulivyopima. Kwanza tujue maji yametoka wapi."

"Yametoka kwenye ndoo, afande. Nyumba hii inapigwa deki asubuhi, inapigwa deki jioni. Yule shangazi wao, ukisimama sana mahali pamoja, atakupiga deki na wewe."

Mlangoni mtu alikohoa. Bibi mmoja mdogo wa umbo alikuwa amesimama pale, kitambaa cheupe begani, macho makali ya mtu aliyezoea kuona vumbi kabla halijatua. Huyu ndiye shangazi mwenyewe, dada wa marehemu baba wa mwenye nyumba. Yeye na yule mama aliyelazwa walikuwa mawifi, na wameishi chini ya paa moja tangu wote wawili wana meno kamili.

"Shikamoo, shangazi," alisema Kobe.

"Marahaba. Na viatu?"

Kobe alitazama viatu vyake, akavivua. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. Akajaribu kulificha chini ya mguu wa pili.

"Nimeshaliona," alisema shangazi. "Na wewe Milimita, nimekusikia. Sakafu ya mbao naifuta kwa kitambaa kilichokamuliwa. Mimi si mshamba."

"Tutajua sasa hivi," alisema Kobe. "Fundi, ing'oe hiyo."

Milimita alipiga magoti, akaingiza patasi kwenye kiungo, akaibembeleza mbao mpaka ikatoka nzima. Hata akiwa mtuhumiwa hakutaka kuivunja. Kobe aliipokea, akaipeleka dirishani. Mgongoni ilikuwa kavu, varnishi inang'aa. Tumboni ilikuwa nyeusi, inanuka kama mtungi uliofunikwa muda mrefu.

"Weka kiganja hapa," Kobe alimwambia fundi. "Hii mbao imekaa kama nini?"

Milimita alipitisha mkono juu yake. Kingo zilikuwa zimeinuka, katikati pamebonyea. 

"Kama sahani," alisema.

"Na mbao iliyomwagiwa maji kutoka juu inakaaje?"

"Inavimba mgongo. Katikati inapanda."

"Kwa hiyo?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Maji yametoka chini."

"Ndoo ya shangazi imeshinda kesi," alisema Kobe.

"Nilijua," alisema shangazi, akaondoka zake na kitambaa chake.

Walitoka nje kwenye mita ya maji. Kobe alifunga mabomba yote ya nyumba, moja baada ya jingine, akaomba kiti, akakaa mbele ya mita ile kama mtu anayetazama mpira. Mshale ulikaa tuli, kama paka juani. Kama kungekuwa na bomba linalovuja chini ya chumba, ungejikongoja hata kidogo. Haukujikongoja. Hapakuwa na bomba la kulaumiwa.

Kwa kila mlango ambao Kobe aliufunga, ulibaki ule mmoja, na nyuma yake alikuwa amesimama fundi peke yake. Milimita mwenyewe aliliona hilo. Jasho lilimtoka, na jua lilikuwa halijawa kali.

"Afande, mbona unanifungia?"

"Sikufungi. Nafunga milango ambayo wakili wa upande wa pili angepitia. Haya, nieleze ulivyopima."

Walirudi chumbani, na fundi akaeleza, mikono ikisema zaidi ya mdomo. Unafagia zege mpaka libaki jiwe tupu. Unakata vipande vya nailoni nzito, kama ukubwa wa mto wa kulalia. Unavilaza sakafuni, kimoja karibu na ukuta wa nje, kimoja katikati, kimoja pembeni. Unaziba kingo zote nne kwa selotepu pana, hewa isipite. Unaviacha vilale hapo. Kesho yake ukikuta matone chini ya nailoni, zege bado linapumua maji, usithubutu kuweka mbao.

"Zege ni kama mtu mzima, afande. Usoni ameshakauka, moyoni bado analia. Hili lilikuwa jeupe, zuri. Lakini sikuliamini, nikaweka nailoni."

"Asubuhi ukakuta nini?"

"Kavu. Vyote vitatu. Hata nikashangaa, maana zege lenyewe lilikuwa changa. Lakini nailoni ni nailoni."

"Kipima cha umeme, kile chenye sindano mbili, huna?"

"Ninacho. Kilikuwa kimeharibika." Akatazama pembeni. "Nilimwambia bosi tusubiri nikakitengeneze. Akasema mama anaumwa miguu, na wewe unaniletea habari za sindano."

"Na hizo nailoni ziko wapi?"

"Stoo. Nailoni nzito haitupwi."

Zilikuwa stoo kweli, zimekunjwa nyuma ya makopo ya rangi, selotepu za kahawia bado zimeng'ang'ania kingoni. Kobe alizitandaza moja moja kwenye kioo cha dirisha, akaivaa miwani yake, akatoa shingo.

"Selotepu unaikata kwa kitu gani?"

"Kwa meno."

"Mkasi huna?"

"Wa nini, na meno ninayo?" Milimita akayaonyesha. Yalikuwa na pengo dogo mbele.

Kwenye kila nailoni, pande tatu selotepu ilikuwa imekatwa ovyo, ncha zake zimechanika na katikati ya mchaniko kuna kijiulimi kidogo: lile pengo. Upande wa nne ncha zilikuwa zimenyooka, za mkasi. Na kwenye kona moja ya upande huo ncha ilikunjwa ndani kidogo, ikafanya kijisikio. Aliikunja nailoni moja taratibu, akaiweka kwenye bahasha.

"Kuna nini, afande?"

"Kuna chai, nadhani. Naisikia harufu."

Chai ilikuwepo. Shangazi alikuwa ameshaiandaa jikoni, na mwenye nyumba alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka hospitali kubadili nguo. Alikuwa mwanamume mnene wa miaka arobaini na kitu, ana duka la kuchapa mabango, na tangu mama yake aanguke alikuwa analala nusu na kula robo. Alipomwona Milimita amesimama uani, mishipa ya shingo ilimtoka.

"Huyu anafanya nini kwangu?"

"Ananisaidia kazi," alisema Kobe. "Kaa, ndugu yangu. Mama anaendeleaje?"

"Kesho wanampasua." Alikaa. "Nilitaka mama akanyage mahali pa joto. Basi. Ndiyo dhambi yangu hiyo."

Kobe alivuta pakiti ya sukari, akahangaika nayo. Ilikuwa imezibwa.

"Vuta hapo pembeni," alisema shangazi bila kugeuka.

Kobe akavuta, ikafunguka, akatia sukari, na macho yake yote yalikuwa kwenye mfuko wa shati la mwenye nyumba. Humo kulikuwa na kalamu, rula fupi ya chuma, na mkasi.

"Huo unatembea nao?"

"Mkasi? Kazi yangu ni kukata, afande. Mabango, selotepu, siku nzima. Hata msibani nimewahi kwenda nao."

"Ile siku fundi aliweka nailoni, ulikuwepo?"

"Nilimwona akiziweka."

"Ukafurahi?"

"Nifurahie nini? Nilimwambia weka mbao. Yeye akaanza mambo ya plastiki. Nikaona ananichelewesha tu."

"Na kama angekuta maji?"

"Angesema tusubiri. Zege likauke. Miezi." Alikunywa chai, akaitua. "Najua unakokwenda."

"Mimi mwenyewe sijui ninakokwenda. Nisaidie."

"Unataka kusema niliingia mle nikapangusa."

Sufuria tu lilikuwa likichemka.

"Ulikuwa na haraka," alisema Kobe kwa upole. "Unao mkasi. Mtu mwenye haraka akiona tone la maji linamzuia, anaweza akalifuta. Halafu mama akaanguka. Na mtu akishatenda hivyo, wa kwanza kumshitaki anakuwa fundi."

Mwenye nyumba hakupiga kelele. Hilo Kobe aliliweka akilini. Alimtazama tu kama mtu aliyepigwa kofi na mjomba wake.

"Usiku ule nililala dukani. Tulikuwa na mabango ya kukabidhi. Waulize vijana wangu."

"Vijana wako unawalipa wewe."

"Basi muulize Mungu."

"Ningemuuliza, lakini mkuu wa kituo hapokei maelezo yake."

Shangazi alijiziba mdomo kwa kitambaa. Mwenye nyumba mwenyewe midomo ilimtikisika, ikataka kucheka, ikakosa nguvu.

Kobe alimaliza chai, akafanya jambo ambalo lilimshangaza kila mtu. Alimwita Milimita, wakang'oa mbao nyingine mpaka zege likabaki wazi nusu ya chumba, wakalifagia, wakaacha upepo upite saa kadhaa. Jioni akamwambia fundi apime upya, vile vile kama mwanzo, kwa meno yale yale. Nailoni tatu mpya zikalazwa. Halafu, mbele ya watu wote wa nyumba ile, alisema kwa sauti, "Kesho asubuhi nakuja kuziangalia." Akaiacha selotepu kwenye kizingiti cha dirisha, akaurudishia mlango bila kuufunga kwa ufunguo.

"Afande," Milimita alimnong'oneza wakiwa kwenye gari, "mlango umeuacha wazi."

"Nimeuona."

"Akiingia tena akapangusa?"

"Nani?"

Milimita aliangalia mbele, ambako mwenye nyumba alikuwa amekaa kiti cha abiria, ameegemea kioo, amefumba macho. Kobe alikuwa amejitolea kumpeleka hospitali. Huko alimkabidhi kwa muuguzi wa zamu, mama mmoja mwenye sauti ya kengele, akamwomba kitu kimoja tu: huyu bwana akitoka wodini, hata kama ni kwenda kununua maji, nipigie simu.

Milimita akarudi kulala mahabusu, na simu haikulia. Kulipokucha alipiga yeye.

"Amelala kwenye kiti, mkono ameshika kitanda cha mama yake," alisema muuguzi. "Nimempa shuka, maana alinitia huruma. Kwani kafanya nini?"

"Sidhani kama kafanya," alisema Kobe.

Asubuhi hiyo aliingia chumbani na soksi mpya. Nailoni zote tatu zilikuwa zimelala kama alivyoziacha, bapa, safi, zinang'aa. Hakuna tone hata moja.

Milimita alishika kichwa. "Umeona? Umeona sasa? Kavu. Ndivyo nilivyokuta mimi."

"Ndivyo kabisa?"

"Kabisa."

"Inua moja. Usitazame nailoni. Tazama zege."

Fundi aliinua. Chini yake zege lilikuwa na doa la umbo lile lile la nailoni, limekolea kama nguo iliyolowa, wakati pembeni yake lilikuwa jeupe. Milimita aliligusa kwa kidole, akakinusa kidole. Alikaa chini pale pale sakafuni.

"Siku ile hukuliona doa?"

"Nilitazama nailoni," alisema taratibu. "Bosi alikuwa ananipigia simu, mbao ziko getini, gari linasubiri. Nikainama, nikaona hakuna matone, nikazing'oa nikakunja. Zege sikulitazama." Alifuta kidole kwenye shati. "Mimi. Milimita."

Kobe hakumwongezea. Alikuwa ameinama kwenye ukingo wa nailoni ya katikati. Pande tatu, meno na pengo. Upande wa nne, mkasi. Na pale konani, kijisikio, kimekunjwa kwa unadhifu ili mtu mwingine akija asihangaike kutafuta ncha.

*Vuta hapo pembeni.*

Alisimama polepole kuliko kawaida yake. Kuna majibu ambayo mpelelezi huyatafuta kwa hamu, na akiyapata anatamani yangekuwa ya mtu mwingine.

"Kaa hapa," alimwambia fundi. "Usije jikoni mpaka nikuite."

Shangazi alikuwa akipanga vikombe. Kobe alikaa mezani bila kukaribishwa, akaitazama rafu iliyokuwa mbele yake. Sukari, majani ya chai, unga, chumvi. Kila pakiti imezibwa kwa kipande cha selotepu kilichokatwa kwa mkasi, na kila kipande kina kijisikio chake.

"Shangazi, hiki kijisikio alikufundisha nani?"

"Nani atanifundisha? Ukibandika bila kuikunja, kesho utaikwangua kwa kucha mpaka jioni. Wifi yangu alikuwa hivyo, anazichana pakiti kama panya. Nimemfundisha mpaka nimechoka."

"Na zile nailoni chumbani, nazo umezibandika vizuri."

"Angalau umeona." Aligeuka, uso umefurahi kidogo. "Yule fundi wenu anabandika kama anafunga mzigo wa kuni. Niliingia alfajiri, nikakuta matone yamejaa chini yake. Nikafungua upande mmoja, nikapangusa vizuri, nikapangusa na sakafu, nikafunga tena. Ile selotepu yake ilikuwa haishiki tena, nikakata nyingine. Sasa wewe mgeni wa serikali uje uangalie kitu chako ukute maji sakafuni? Utasemaje kuhusu nyumba hii?"

"Na ile mara ya kwanza? Kabla ya mbao?"

"Vile vile. Nilisema fundi akikuta maji atadhani tumemwagia, tumemharibia kazi yake. Nikapangusa. Hata asante hakunipa, lakini sikutegemea, wanaume hawaoni sakafu."

Kobe alikuwa ameshawahi kukaa mbele ya wezi, waongo na wauaji, na kwao maneno yalimjia. Hapa alitazama kikombe.

Shangazi alimtazama akitazama kikombe. Yule bibi hakuwa mtu wa kuelezwa kitu mara mbili. Kitambaa kilishuka kutoka begani mpaka mkononi.

"Yale matone," alisema. "Yalikuwa na kazi?"

"Ndiyo, shangazi."

"Kazi gani?"

"Yalikuwa yanamwambia fundi asiweke mbao."

Alivuta kiti, akakaa. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyefika nyumba ya watu kwa mara ya kwanza.

"Mbona hakuna aliyeniambia?" alisema baadaye. Hakusema kwa kulalamika. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. "Wote mmepita mbele yangu na mikasi na plastiki. Mnaniambia shangazi chai, shangazi viatu viko wapi. Hakuna aliyesema shangazi, haya maji yaache, yanasema kitu."

"Hakuna," alisema Kobe. "Hata mimi jana sikukwambia. Nilitaka kuona nani ataingia."

"Ulidhani ni mwanangu."

"Nilidhani hivyo."

"Na fundi yuko mahabusu kwa ajili ya kitambaa changu."

"Yuko chumbani, anajilaumu. Na yeye ana lake. Hakulitazama zege."

Mlango wa mbele ulifunguka. Mwenye nyumba aliingia, shati limekunjamana, alama ya kiti shavuni. "Wamemchukua," alisema. "Wamemwingiza chumba cha upasuaji sasa hivi. Wameniambia nisikae pale nawasumbua." Akawaona walivyokaa. "Kuna nini?"

Kobe alifungua mdomo. Shangazi akamwahi kwa kuinua kiganja.

"Hii ni yangu, afande." Alimgeukia mpwa wake. "Mwanangu, kaa. Acha kumtafuta mtu wa nje. Mama yako nimemwangusha mimi."

Alimweleza yote, kwa mpangilio, kama anavyopanga vikombe. Hakujitetea, hakulia. Mwenye nyumba alisikiliza, na Kobe alikuwa amejiandaa kusimama katikati kama ingebidi. Haikubidi. Yule bwana aliuchomoa mkasi mfukoni, akauweka mezani, akausukuma mbali.

"Milimita aliniambia tusubiri," alisema. "Mara mbili aliniambia. Ningesubiri, hata ungepangusa mwaka mzima, shangazi, zege lingekuwa limekauka lenyewe."

"Usinisaidie kubeba."

"Sikusaidii. Nabeba changu."

Kobe alitoka uani, akampigia simu mkuu wa kituo. Mkuu alisikiliza, akavuta pumzi. "Kobe, unataka niandike kwamba mshitakiwa ni usafi?"

"Andika ajali, mkuu. Mlalamikaji anafuta malalamiko yake. Ila nipe mpaka mchana. Nataka kwenye jalada iwemo picha ya nailoni ambayo haijaguswa na mtu, asije mwingine kesho akamfufulia fundi kesi."

Mara ya mwisho walipima pamoja. Milimita alikata selotepu kwa meno, mwenye nyumba akashika kingo, na shangazi akaombwa akague kama imebandikwa vizuri. Alisema haijabandikwa vizuri. Ikabandikwa upya. Waliilaza pale ambapo jua la dirishani linapiga, Milimita akasema joto litayaita maji mapema. Halafu wakakaa: wanaume wawili juu ya rundo la mbao zilizovimba, Kobe amejiegemeza ukutani, shangazi kwenye kiti mlangoni, kitambaa mapajani.

"Fundi," alisema shangazi baada ya muda, "nilikuita mshamba moyoni."

"Mimi nilikuita ndoo, tena kwa mdomo."

"Basi tumelingana."

Jua lilisogea kwenye nailoni. Mwenye nyumba aliitazama simu yake, akaigeuza chali, akaigeuza kifudifudi. Ilipolia, wote walishtuka. Aliipokea akiwa ameshasimama.

"Ndiyo... Ndiyo, mimi ndiye mwanawe." Alisikiliza. Mkono wake wa pili ulitafuta ukuta, ukaupata. "Ameamka," alisema kwa watu wa chumbani. "Ameamka. Anamwulizia shangazi. Anasema wauguzi wamemkunjia nguo zake vibaya."

Shangazi alicheka mara moja, kifupi, halafu akashika kitambaa kwa mikono miwili akakiweka usoni. Hakuna aliyemtazama.

Alipokiondoa, Milimita alikuwa amenyoosha kidole.

Chini ya nailoni ukungu mwembamba ulikuwa umetanda, na katikati ya ukungu tone la kwanza lilikuwa limejikusanya, dogo kama punje ya mtama. Likaja la pili. Yakasogeleana, yakaungana, yakateleza kidogo na kuacha njia. Kobe alitoa simu akapiga picha, akapiga nyingine.

Alimwona shangazi akinyanyuka. Alimwona anakuja, hatua ndogo ndogo, mpaka ukingoni mwa nailoni, na mkono wake wenye kitambaa ukaanza kushuka wenyewe. Milimita akafumbua mdomo. Kobe akamtikisia kichwa: mwache.

Mkono ulisimama hewani. Shangazi aliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Halafu akamgeukia inspekta.

"Nishikie hiki," alisema, akampa kitambaa. "Umeniona mwenyewe. Mkono huu una mazoea yake."

Kobe alikipokea. Kilikuwa kimekamuliwa vizuri, karibu kikavu.

Shangazi alivaa viatu vyake mlangoni, akajinyoosha nguo, akamwambia mpwa wake awashe gari. "Nitamwambia mimi mwenyewe. Nikishamkunjia nguo zake. Mtu asinitangulie kwa simu." Alipofika barazani aligeuka, akanyoosha kidole ndani, kwa wote wawili, polisi na fundi.

"Na hayo maji," alisema, "mtu asiyapanguse."